Mtoto wa Mhunzi na Dhahabu Nyekundu: Maisha ya Michael Faraday

Wanachuo wenzangu, nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, yaani TP, nilipangiwa shule moja ya kata upande wa Chunya, mkoani Mbeya. Nikakabidhiwa fizikia, kidato cha tatu. Jioni moja, vipindi vimeisha na mimi nimeshachoka, binti mmoja akanifuata. Akaniamkia, akasimama kimya kidogo, kisha akauliza kama inafaa aendelee na fizikia wakati hisabati inamshinda. Bila hata kumkalisha nikamjibu kwamba fizikia bila hisabati ni kujitesa bure, achukue masomo ya sanaa mapema asije akajuta. Akashukuru, akaondoka. Nikajiona nimetoa ushauri wa mtu mzima.

Niliporudi chuoni Iringa nikapewa kazi ya kuandika kuhusu mwanasayansi mmoja na namna alivyojifunza. Nikamchagua Michael Faraday kwa uvivu tu: jina lake liko kwenye kila desa la fizikia, nikajua sitahangaika kutafuta. Usiku ule maktaba nikakutana na jambo ambalo sikuwahi kuambiwa tangu kidato cha kwanza hadi cha sita. Mtu huyu, ambaye kanuni aliyoigundua ndiyo inayotoa umeme pale Mtera na Kidatu, hakuwa na hisabati zaidi ya hesabu za kawaida kabisa. Nikamkumbuka yule binti. Basi makala hii ni maisha ya Faraday, lakini naiandika nikiwa na deni.

Mwanagenzi wa vitabu

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, tena mhunzi mwenye afya mbovu, kwa hiyo siku nyingine nyundo haikuinuliwa na hela haikuingia. Mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda sana Uingereza, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Sisi bumu likichelewa siku nne tunaandika hadi kwenye kuta. Mtoto huyu wa miaka tisa alikuwa anagawa mkate wake vipande kwa idadi ya siku.

Shule aliyosoma ilimpa kusoma, kuandika na hesabu za kujumlisha na kutoa. Basi. Mwaka 1804, akiwa na miaka 13, alianza kutumwatumwa na George Riebau, muuza vitabu na mjalidi, akizungusha magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akaandikishwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka saba.

Hapo ndipo chuo kikuu chake kilipokuwa. Vitabu vililetwa dukani kushonwa na kuwekewa majalada, naye akawa anavisoma kabla ya kuvirudisha. Kwenye ensaiklopidia moja akakuta makala ya umeme. Kwenye kitabu cha Jane Marcet, mwanamke aliyeandika kemia kwa mtindo wa mazungumzo ili hata asiyesoma sana aelewe, akakuta kemia. Lakini hakuishia kusoma na kumeza. Kila alichokisoma alikijaribu kwa senti zake chache, akatengeneza hata mashine ndogo ya umeme kwa vitu vya bei rahisi. Kama jaribio halikutoka, hakuamini kitabu.

Kaka yake Robert, mhunzi kama baba, alimpa shilingi za kulipia mihadhara ya jioni mjini. Kisha mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia aliyevuma kuliko wote London, katika taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday akakaa, akasikiliza, akaandika. Nyumbani akanakili notisi zile upya kwa mwandiko safi, akachora vifaa vyote, na kwa kuwa kujalidi ndiyo kazi yake, akazifunga zikawa kitabu kizima. Akamtumia Davy pamoja na ombi la kazi.

Jamani, hilo ndilo desa bora kuliko yote katika historia. Tofauti yake na madesa yetu ni kwamba aliliandika mwenyewe.

Davy alivutiwa, ila nafasi haikuwepo. Ilipopatikana, tarehe 1 Machi 1813, Faraday akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Alikuwa na miaka 21, mdogo kuliko mimi kwa mwaka mmoja.

Kukaa meza ya watumishi

Msidhani mlango ukishafunguka basi mambo yamenyooka. Oktoba 1813 Davy alianza safari ndefu ya Ulaya pamoja na mkewe, na Faraday akaenda kama msaidizi wa sayansi. Mtumishi wa Davy alipokataa kusafiri, Faraday akaombwa ashike na kazi hiyo kwa muda. Muda ukawa safari nzima. Mke wa Davy alimhesabu mtumishi hasa na kumtenga mezani, hadi kijana akafikiria kurudi nyumbani na kuachana na sayansi. Alivumilia. Kwenye safari hiyo hiyo alimwona Ampère huko Paris na Volta huko Milan, watu ambao sisi tunawajua kama vizio vya mkondo na volteji.

Mwaka 1821, mwaka aliomuoa Sarah Barnard, alifanya jaribio lake kubwa la kwanza. Alichukua bakuli lenye zebaki, akasimamisha sumaku ndani yake, akaning'iniza waya uguse zebaki, akapitisha umeme. Waya ukaanza kuizunguka sumaku bila kusimama. Watu wa Chunya zebaki wanaijua kwa kukamatia dhahabu, na wanajua pia madhara yake. Kwa Faraday zebaki ilikuwa njia ya umeme isiyouzuia waya kutembea, na kile kitu kilichozunguka bakulini ndicho babu wa mota zote, kuanzia feni ya bwenini hadi mashine ya kusaga mahindi.

Alitangaza haraka, na haraka ikamponza. Wengine walinong'ona kwamba wazo ameliiba kwa William Wollaston, mwanasayansi mkubwa aliyekuwa akiwaza jambo la karibu na hilo. Mwaka 1824, alipopendekezwa kuingia Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza, rais wa chama alimpinga. Rais huyo alikuwa Davy. Aliyemtoa kwenye gundi na uzi wa vitabu ndiye aliyetaka kumzuia mlangoni. Faraday alichaguliwa hata hivyo, na hakuwahi kujenga maisha yake juu ya kinyongo hicho.

Tarehe 29 Agosti 1831 akazungushia nyaya mbili kwenye pete moja ya chuma, kila waya upande wake. Alipowasha umeme kwenye waya wa kwanza, sindano iliyounganishwa na waya wa pili ikashtuka, halafu ikatulia. Alipozima, ikashtuka tena. Umeme haukuzaliwa na sumaku iliyotulia, ulizaliwa na sumaku inayobadilika. Maji ya Ruaha Mkuu yakizungusha mitambo pale Mtera, jambo linalotendeka ndani ya jenereta ni hilohilo.

Sasa hisabati. Wenzake waliandika milinganyo. Yeye alimwaga unga wa chuma juu ya karatasi, akaweka sumaku chini yake, akatazama mistari iliyojipanga. Akasema mistari ile si pambo: nafasi inayoizunguka sumaku imejaa kitu, na kitu hicho ndicho kinachosukuma na kuvuta. Wengi waliona ni mawazo ya mtu asiyejua hesabu. James Clerk Maxwell, aliyekuwa gwiji wa hisabati, ndiye aliyeichukua michoro hiyo kwa uzito na kuigeuza milinganyo inayotutoa jasho mwaka wa pili. Kwa hiyo milinganyo ya Maxwell ilianza kama picha kichwani mwa mtu ambaye asingeweza kuikokotoa.

Nuru yakubali kuguswa na sumaku

Kuanzia karibu mwaka 1839 Faraday aliugua. Kumbukumbu zilimpotea, kichwa kikamzunguka, akakaa miaka kadhaa bila utafiti wa maana. Ndiyo maana kilichotokea Septemba 1845, akikaribia miaka 54, kinanigusa.

Alikuwa anaamini kwamba nguvu zote za asili zina undugu. Kama umeme na sumaku ni ndugu, kwa nini nuru iwe mgeni? Ila imani si ushahidi, na majaribio yake ya miaka ya nyuma yalikuwa yameshindwa.

Ili tuelewe alichofanya, chukua kamba ya kuanikia nguo. Funga upande mmoja kwenye mti, shika mwingine, utikise juu na chini. Wimbi linakwenda, nalo linatetema wima. Ungeweza pia kulitikisa kulia na kushoto, au mshazari. Nuru ya kawaida ni kama kamba nyingi zinazotikiswa pande zote kwa pamoja. Kuna namna ya kuichuja ibaki inayotetema upande mmoja tu. Wanafizikia wanaita nuru iliyopolaraizwa.

Faraday aliwasha taa ya mafuta, akaichuja nuru yake, akaipitisha kati ya ncha za sumaku-umeme yenye nguvu, kisha akatazama kama upande wa kutetema umebadilika. Akajaribu vitu mbalimbali, patupu. Tarehe 13 Septemba akachukua kipande cha kioo kizito chenye risasi ndani yake. Kioo hicho alikitengeneza mwenyewe miaka mingi nyuma, katika mradi wa kutafuta kioo bora cha darubini, mradi uliomchosha na usiozaa matunda yaliyotarajiwa. Safari hii, sumaku ilipowashwa, nuru iliyokuwa imezibwa ikaonekana. Sumaku ikizimwa, giza. Upande wa kutetema ulikuwa umezungushwa kidogo ndani ya kioo.

Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kabisa kwamba nuru na sumaku zinahusiana. Leo unaitwa athari ya Faraday, na unatumika kwenye mifumo ya leza na mkongo wa mawasiliano, katika vifaa vinavyoruhusu nuru kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma.

Mara nyingi alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsaidia maabara, askari mstaafu aliyeitwa Charles Anderson. Bwana wetu hakuongoza jopo. Alikuwa na daftari, na aya za daftari hilo alizipa namba, zikapita 16,000.

Dhahabu ina rangi gani?

Ukiuliza swali hilo Chunya, mtoto yeyote atakushangaa. Wazazi wa wanafunzi wangu wengi walikuwa wachimbaji wadogo. Dhahabu ya Lupa imevuta watu tangu kabla ya babu zao. Dhahabu ni ya njano, mwalimu, kwani vipi?

Mwaka 1856 Faraday, sasa mzee wa miaka 64, alirudi kwenye swali hilo la kitoto. Alipochukua jani la dhahabu lililopondwa hadi likawa jembamba mno na kulitazama dhidi ya taa, nuru iliyopenya ilikuwa ya kijani. Kisha akachukua maji yenye chumvi ya dhahabu, akayachanganya na fosforasi. Dhahabu ikatengana na kile kilichoishika, na kimiminika kikawa chekundu kama rubi. Alipopitisha mwali wa nuru ubavuni, njia ya mwali ikaonekana ndani ya kimiminika, kama mwanga wa dirishani unavyoonekana jikoni penye moshi. Akafikia uamuzi kwamba mle ndani mna chembe za dhahabu halisi, ndogo kiasi kwamba hadubini ya wakati ule isingezionyesha. Alipotia chumvi ya kawaida, wekundu ukageuka buluu. Dhahabu ile ile, ukubwa na mpangilio tofauti wa chembe, rangi nyingine. Matokeo aliyasoma mbele ya Royal Society tarehe 5 Februari 1857.

Chembe hizo ndizo leo tunaziita za nano, na upana wake ni nanomita chache hadi makumi machache. Nanomita moja ni mita ukiigawa kwa 1,000,000,000. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa Royal Institution, na rangi zake zipo.

Kwa nini nyekundu? Jibu lilikuja baadaye sana. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani analijua nusu. Maji ndani ya ndoo yana mwendo wake wa kucheza. Ukitembea kwa hatua zisizolingana nao, yanatulia. Hatua zikilingana nao, yanaruka na kukulowesha. Ndani ya chembe ya dhahabu kuna elektroni zisizofungwa, nazo ni kama maji hayo. Nuru inapopita inazisukuma huku na huku. Nuru ya kijani ndiyo yenye mwendo unaolingana na mchezo wao, kwa hiyo inamezwa zaidi, na nyekundu inabaki kupita. Mchezo huo wa pamoja wa elektroni juu ya uso wa metali ndio unaoitwa plasmoni za uso.

Kama hujawahi kuuona, umewahi. Vipimo vingi vya haraka vya malaria, vile vya tone la damu pale zahanati, hutumia chembe za dhahabu. Mstari mwekundu unaotokea ni wekundu ule ule wa Faraday.

Sasa weka pamoja. Mwaka 1845 mtu mmoja alionyesha kwamba sumaku inaweza kuizungusha nuru. Mwaka 1857 mtu huyo huyo alionyesha kwamba metali ikiwa ndogo sana inaicheza nuru kwa namna mpya. Baadaye aliingia John Kerr, mwalimu wa hisabati katika chuo cha ualimu huko Glasgow, ambaye mwaka 1877 alichapisha kwamba hata nuru inayorudishwa na uso wa sumaku iliyosuguliwa huzungushwa. Nasisitiza: chuo cha ualimu.

Siku hizi wanasayansi wanaunganisha yote matatu. Elektroni zinazocheza ndani ya dhahabu ni chaji inayotembea, na chaji inayotembea karibu na sumaku husukumwa pembeni, hivyo mchezo wenyewe unapinda. Dhahabu peke yake haiisikii sumaku sana, kwa hiyo huwekwa matabaka membamba: dhahabu, kobalti, dhahabu tena. Kobalti inaleta usumaku. Dhahabu inaikusanya nuru mahali padogo mno, na mzunguko uliokuwa hafifu unakua. Mbali na kufanya rangi na mwendo wa nuru viongozwe kwa sumaku, wanatafuta vipimo vinavyoweza kugundua kiasi kidogo sana cha ugonjwa au sumu.

Siku za mwisho

Faraday alikataa cheo cha heshima ambacho kingemfanya aitwe Sir, na akakataa kuwa rais wa Royal Society, kiti kilekile alichokalia Davy. Kazi ambayo hakuichoka ni kufundisha. Alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni, na mihadhara ya Krismasi kwa watoto ilianza wakati wake na inaendelea hadi leo. Aliyenyimwa shule alitumia miaka yake kuwafungulia wengine.

Mwaka 1862, kumbukumbu zikimtoroka, alijaribu kuona kama sumaku inaweza kubadilisha mistari ya rangi inayotolewa na mwali wa moto. Hakuona kitu. Vifaa vyake havikuwa na nguvu ya kutosha. Mwaka 1896 Pieter Zeeman wa Uholanzi alilirudia swali hilo kwa vifaa bora, akaona mabadiliko, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Lorentz. Swali la mzee lilikuwa sahihi. Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa makaburi ya Highgate.

Deni

Wanachuo wa Mkwawa, hapa hapa tunapopita kwenda kantini palikuwa na shule ya sekondari ya Mkwawa. Erasto Mpemba alisoma pale. Aliuliza mbele ya mhadhiri mgeni, Denis Osborne, kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Wenzake walicheka. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Ni mtu mmoja tu aliyehitajika asicheke.

Mimi kule Chunya sikucheka. Nilifanya kibaya zaidi, nilijibu kwa uhakika. Sisemi hisabati haina kazi. Maxwell alihitajika, na anayetaka kuvuka sapu ya mwaka wa pili atamhitaji pia. Nasema kwamba mlango wa fizikia una funguo zaidi ya moja, nami nilimwonyesha mtoto mmoja tu, kisha nikamwambia hauwezi.

Nimemwandikia barua kupitia kwa mwalimu wake wa darasa. Nimemweleza habari ya mjalidi wa vitabu, nimemchorea mistari ya unga wa chuma, na nimemwomba anieleze kwa maneno yake kwa nini anadhani dhahabu ni ya njano. Jibu halijafika. TP inayofuata inakaribia, na safari hii nitabeba sumaku, karatasi na unga wa chuma kutoka kwa fundi. Mwenye kwenda Mbeya tukutane stendi.